Anayemaliza Hewa Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Mara mbili majini, mara mbili bure. Asubuhi nimetoka na hewa hamsini kwenye geji. Njeru tisini na tano. Kawira mia moja na ishirini, kama mtu aliyeenda kuchota maji tu. Wote tulianza na mia mbili.

Sheria ya Njeru, kiongozi wetu sisi wapiga mbizi, ni moja. Tukiwa kwenye kamba moja, anayemaliza hewa kwanza ndiye anayegeuza wote. Ni mimi. Kila siku ni mimi. Miaka hamsini na mbili, kitambi cha fundi wa mabomba, mapafu yasiyoshiba. Kawira, msichana wa Ruiri, ananitania: "Mzee, wewe hupumui, wewe unalima na hiyo hewa." Nimecheka. Haikunichekesha.

Tunamtafuta Mugendi. Jumamosi aliingia bwawani kuzibua bomba la pampu, nyanya zake shambani zilikuwa zinakauka. Hakutoka. Mama yake alikuwa jirani yangu kule mtaa wa Dallas, Embu mjini, tuliimba kwaya moja. Jana kanisani nilisimama mbele ya watu nikaapa: nitamtoa Mugendi kwa mikono yangu hii. Watu wakasema amina. Vizuri sana ilisikika.

Mama Mugendi ameketi ukingoni chini ya karatasi ya nailoni. Amesema hatakula mpaka mtoto atoke. Chai tu.

Jumanne, 4 Machi

Njeru ameniita kando baada ya chai. Kwa heshima, siwezi kusema vibaya. Amenipa mambo mawili nichague: nikae kwenye mashua nishike kamba, au niogelee upande wa ukingoni, kwenye kina kifupi. Kule maji hayabani sana, hewa hudumu.

Nimechagua upande wa ukingoni. Kwenye mashua siwezi. Niliapa.

Hewa ilidumu kweli. Dakika sita zaidi. Lakini upande huo nimeshika matope tu na chupa za plastiki. Mugendi yuko upande wa kina, kwenye mkondo wa zamani wa mto. Kila mtu anajua. Nilisikia wivu juu ya Kawira. Wivu, kwa ajili ya maiti. Bwana anisamehe.

Mama Mugendi ameniuliza, "Baba Wanja, umemgusa?" Nikasema kesho.

Jumatano, 5 Machi

Nimeomba kurudi upande wa kina. Njeru amekubali shingo upande.

Niandike ukweli, hapa hakuna wa kunisoma. Nimebana pumzi. Navuta moja, naishikilia mpaka kifua kiwake, ndipo naachilia. Siku ya kwanza ya mafunzo tulikatazwa hiyo. Kichwa kinagonga mpaka sasa.

Na kuna jingine. Kule chini huoni mkono wako mwenyewe, kwa hivyo Njeru huuliza kwa kunibana kiganja. Nikimbana mara moja, hewa ipo. Mara mbili, imefika mia, tugeuke. Leo nilileta geji mpaka kwenye kioo cha uso. Themanini. Nikambana mara moja.

Nimetoka na ishirini. Niliifungua geji kutoka kwenye mtungi haraka kabla Kawira hajaisoma. Akauliza. Nikasema hamsini, akaandika hamsini kwenye kibao chake.

Na mimi ni mzee wa kanisa.

Alhamisi, 6 Machi

Upepo, mashua haikutoka. Nimefunga na kuomba. Kichwa bado.

Vijana wanaotafuna majani ya muguka pale ukingoni wanasema tungekuwa tumemaliza kama si mzee kupanda juu kila saa. Hawakunong'ona.

Mama Mugendi amenipa blanketi. Jipya, la buluu, bado na karatasi ya duka. Amesema wewe ndiye utamfunika. Midomo yake imepasuka. Kikombe anakishika kwa mikono miwili. Nimeahidi tena. Siku ya tano hii hajala.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike tu.

Nililigusa bomba. La plastiki, nene, limelala topeni. Mugendi aliingia kwa ajili ya bomba hilo, kwa hivyo yuko karibu, nikajua. Njeru akanibana. Sikuangalia hata geji. Nikabana mara moja. Nikaanza kulifuata bomba kwa mikono, hatua tatu nne hivi, halafu nikavuta na hakuna kitu kilichokuja.

Kila mmoja wetu ana kipumulio cha pili kinachoning'inia kifuani, cha kumpa mwenzake. Nilisahau. Nilimvamia Kawira nikanyakua kile cha mdomoni mwake. Alikunywa maji. Njeru aliachilia kamba akatubeba wote wawili juu.

Kawira alikohoa povu jekundu. Amepelekwa hospitali Embu. Mahali pa bomba pamepotea pamoja na kamba.

Njeru alichukua geji yangu akaisoma. Sufuri. Kisha akasema, "Ungemwongezea mama huyu maiti mbili za kungojea."

Afadhali angenipiga.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi hospitali. Kawira yuko hai, ana mpira wa oksijeni puani. Nimesimama mlangoni kama mdeni. Akaniona. "Mzee, hii ni yangu, usiikaribie." Akacheka, akakohoa. Halafu: "Ungebana mara mbili tu. Mimi ningegeuka. Hata kesho yake ningegeuka." Nimelia mbele ya manesi.

Mchana nimerudi ukingoni. Nimepiga magoti mbele ya Mama Mugendi nikamwambia yote. Kiapo, pumzi, geji. Nikamrudishia blanketi.

Akasema, "Mimi sikukuomba uape. Nilikuomba mtoto. Hata angetolewa na mlevi, ni sawa kwangu."

Nimeaibika kuliko siku zote za maisha yangu.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Nimeshika kamba kwenye mashua.

Njeru ameingia na mwenzetu mmoja kutoka Meru mjini, mtu mkondefu, anapumua kama mtoto aliyelala. Walikaa chini dakika arobaini na moja. Mimi nikiwemo hatukuwahi kufika ishirini na tano. Niliangalia saa na kuona siku zote nilizowaibia.

Kamba ikavutwa. Moja, mbili, tatu, nne. Nne ni kupatikana.

Alikuwa kwenye bomba, shati limenaswa na mzizi wa mti wa zamani. Wao ndio waliomleta mpaka mashuani. Mimi sikumgusa. Ukingoni Mama alimfunika mwenyewe, akapanga blanketi vizuri kwenye miguu.

Halafu mtu akamletea uji. Akanywa wote.

Jumatano, 12 Machi

Nimeosha mitungi na mavazi, nimeanika. Kawira ametoka hospitali, yuko kwao Ruiri. Nimemwambia Njeru kazi yangu sasa ni kamba. Akasema haya.

Nikiwa jikoni nimejikuta nahesabu pumzi zangu. Ni nyingi. Ndivyo nilivyoumbwa.

Mama Mugendi amepiga simu. Mazishi ni Ijumaa. Wanahitaji watu wanne wa kushika kamba za kuteremsha jeneza, ameuliza kama nitakuwa mmoja.

Nimesema ndiyo. Sikuongeza neno.