Chupa Niliyoimwaga Kila Asubuhi

Mpendwa mshauri Mama Fabiola, shikamoo. Naomba msaada wako kabla Jumatatu haijafika, maana siku hiyo fundi anakuja na mimi nitaumbuka.

Mimi ni kijana wa Mogitu, nafanya kazi kwenye maabara ndogo huku Hanang, tuna mashine ya kupima madini, unayeyusha sampuli kwenye maji, gesi ya agoni inaipuliza iwe ukungu, ukungu unaingia kwenye moto mkali uitwao plazma na mashine inakusomea kilichomo, na pembeni kwenye njia ya gesi kuna chupa ya maji, siku fundi anaieleza nilikuwa nimetumwa chai, sasa mama, baba yangu aliendesha trekta kwenye mashamba ya ngano Basotu miaka ishirini, kila asubuhi kabla ya kuwasha alikuwa anafungua kikombe cha chujio la dizeli anamwaga maji, anasema maji ndiyo kifo cha injini, kwa hiyo nilipoiona ile chupa nikajua ni yaleyale, nikawa naimwaga kila asubuhi na kuifuta kwa kitambaa, hadi bosi wetu Mama Agatha akanisifu mbele ya wenzangu kwamba najituma.

Tatizo lilianza mzee Gidahosh, mfugaji wa Gehandu, alipoleta chumvi anayoiokota ziwa Balangida kwa ajili ya kulambisha ng'ombe wake na wa majirani, alitaka tu kujua ina madini gani, nikapima mara tatu mashine ikaziba, nikazibua ikaziba tena, ncha ya kipulizo, pale sampuli inapogeuka ukungu, imeota chumvi nyeupe, hasira zikanipanda nikamwambia mzee mbele ya watu waliokuja na sampuli zao kwamba chumvi yake ni chafu na imeniulia mashine, akachukua fimbo yake akaondoka, na sasa nasikia majirani zake wote wameikataa chumvi yake, halafu juzi ndiyo nikafungua kitabu cha mashine nikakuta ile chupa ni ya kulowesha gesi. Je, nijaze maji kimyakimya, au nisingizie umeme?

Basili

Basili, marahaba. Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini, kisha nikafika kwa mzee Gidahosh, kicheko kikaniisha.

Kwanza mrudishie baba yako trekta lake. Dizeli haitaki maji, ni kweli. Lakini gesi yako inatoka kwenye mtungi ikiwa kavu kabisa, na ikipita kwenye ncha yenye maji ya chumvi inayakausha, chumvi inabaki palepale. Wewe mtoto wa Mogitu, umewahi kuona watu wakiokota chumvi Balangida wakati wa masika? Si wanangoja kiangazi, jua na upepo mkavu vilikaushe ziwa? Basi wewe ulikuwa unatengeneza Balangida ndogo ndani ya mashine ya watu, tena ukasifiwa.

Leo hiihii jaza chupa kwa maji safi ya maabara, si ya bomba, yaishie kwenye alama, ili gesi ipite humo ipate unyevu. Ncha iloweke, usiichokoe kwa sindano, najua ulishaichokoa. Kila ukimaliza sampuli moja, pitisha maji matupu kabla ya nyingine. Kisha pima chumvi ya mzee upya.

Umeme uache, una dhambi zake za kutosha. Mwambie Mama Agatha mwenyewe kabla ya Jumatatu, kwa sababu fundi akiona chupa inavyong'aa atajua kila kitu.

Halafu Gehandu. Usipige simu, na usimwendee mzee nyumbani kwa kunyatia. Ulimwaibisha mbele ya watu, utamsafisha mbele ya watu. Nenda siku ya mnada wa ng'ombe, msalimie shikamoo, usikae mpaka akukaribishe, kisha useme wote wasikie: "Mzee, chumvi yako haikuniulia mashine. Niliiua mimi, kwa kumwaga maji." Akinyamaza, na wewe nyamaza. Hiyo ni haki yake.

Karatasi ya majibu mpe, lakini majirani zake hawataamini karatasi, maana wewe ndiye uliyewadanganya mara ya kwanza. Kwa hiyo majibu yakiwa mema, omba bonge la ile chumvi, uinamie palepale ulilambe, na ng'ombe wakitaka kukusogelea, wapishe nao walambe.

Mama Fabiola