Gauni Lako Nililolifumua

Itiryo,
kwa njia ya Misheni,
Tarime.
22 Juni 1957

Mpendwa binti yangu Nyangi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani, mwanangu? Robi wako ameanza kutembea? Na mume wako Waitara, kazi ya reli haimchoshi? Nasikia huko Tabora joto ni kali na maji ni shida. Usimwache mtoto acheze juani. Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu, na hilo unalijua. Ulezi umekubali mwaka huu. Yule ng'ombe mwekundu wa mateke amezaa, na bado anapiga mateke.

Utaona mwandiko unaangukaanguka. Barua hii naandika mwenyewe, siyo katekista Simioni kama zile nyingine. Nimeianza tangu Jumatatu. Kuna neno siwezi kumtamkia mtu mwingine aniandikie, ndiyo maana. Isome peke yako kwanza.

Tangu baada ya Krismasi nakwenda kwa Verdiana, mke wa Simioni, yule aliyekufundisha wewe kushona. Kila Alhamisi mchana anatufundisha akina mama herufi kwanza, halafu kushona kwa mkono. Usicheke. Mkono uliozoea jembe na kamba ya ndama haujui kushika kitu chembamba namna ile. Siku ya kwanza nilihangaika kutunga uzi mpaka wenzangu wakamaliza mapindo yao. Siku ya pili nilishona vizuri, nikafurahi, nikasimama niwaonyeshe. Kumbe nimekishona kitambaa pamoja na nguo niliyovaa! Jirani yetu Waisiko akapiga kelele, "Haya, Veronika ameolewa na kitambaa! Mumewe Nashoni akadai ng'ombe wake!" Walicheka mpaka Verdiana akakaa chini.

Unaijua kawaida ya Verdiana. Mwanafunzi akishajaribu mkono kwenye matambara, hapewi kitambaa kipya. Anapewa kitu kilichokwisha kushonwa akifumue, aone uzi ulivyopita, ndipo ashone nguo. Mimi alinitolea sandukuni gauni la amerikani ambalo halikumalizika, lina mkono mmoja tu. Nikalifumua Alhamisi mbili. Mishono yake midogo kama mbegu za ulezi, imekaza, haitoki. Nikanung'unika, nikasema aliyeshona hii alikuwa mbishi kweli. Verdiana akatabasamu, akaendelea kukata kitambaa.

Nilipofika kwenye pindo nikakuta uzi mwekundu. Wasichana wengine hutia ua au msalaba ili nguo zao zisichanganyike. Hapa palikuwa na sikio la ng'ombe, limekatwa mara mbili upande wa chini. Alama ya ng'ombe wa baba yako! Nani mwingine angeshona sikio la ng'ombe wa Nashoni?

Nikamwambia Verdiana, "Hii ni ya Nyangi."

Akasema, "Mama, nilidhani umeijua tangu siku ya kwanza."

Sikuijua. Mwaka mzima ulikuwa unakwenda pale, na mimi sikuja hata siku moja kutazama kazi yako. Siku niliyokuja ndiyo ile niliyokuja kukutoa.

Sasa ndiyo neno lenyewe. Siku ile sindano ilikuwa ingali mkononi mwako, nikakuambia, "Tata wako amekwisha kusema, wageni wanakuja." Nilisema uongo. Baba yako hakusema hivyo. Alisema, "Mwache mtoto amalize nguo yake, avune na sisi mara moja tena. Ng'ombe hawatatoroka." Mimi ndiye niliyepeleka neno kwa watu wa Waitara waje upesi. Kaka yako Mogesi alikuwa amempata Agustina kule Nyangoto, na watu wa Agustina hawakuwa na subira, na bila ng'ombe wa mahari yako Mogesi asingeoa. Tena nilitaka mkwe nyumbani. Mgongo wangu ulikuwa umechoka na jiwe la kusagia. Nikajua utakasirika, nikaogopa, nikaiweka hasira yako juu ya baba yako.

Wengine watakuambia ni desturi, msichana huolewa kaka yake apate kuoa. Ni kweli. Lakini desturi ingengoja mavuno, mwanangu. Mimi ndiye sikungoja.

Baba yako alihisi kitu. Jioni ile ulipoondoka aliniuliza, "Umemwambia mtoto nini hata hakuniaga?" Nikasema sijui. Hakuniuliza tena mpaka leo.

Miaka mitatu sasa unatuandikia. Unanisalimu mimi, unamsalimu Mogesi na Agustina, unauliza mpaka habari za ng'ombe wa mateke. Habari za baba yako huulizi. Simioni anapokuja kutusomea, baba yako huketi pale kwenye mlango wa zizi kama mtu asiyesikiliza. Mwishoni Simioni husoma, "Na tata, shikamoo." Basi yeye huinua kichwa, huijibu karatasi, "Marahaba. Marahaba, mama." Halafu huinuka kwenda kutazama ndama. Mimi nikasema moyoni, mtoto amelainika, Mungu ametengeneza.

Wiki mbili zilizopita, kwa kuwa herufi sasa nazijua, nilizitoa barua zako zote kwenye kikapu nikazisoma, kidole juu ya neno. Salamu ile haimo. Haimo hata katika barua moja. Simioni huitia mwenyewe kwa huruma yake.

Baba yako sijamwambia. Amekonda, Nyangi, na kikohozi cha tangu masika hakijamwacha. Lakini siwezi tena kukaa pale nimwone akiitikia mtu ambaye hakumwamkia, na kosa ni langu.

Gauni nalishona tena. Matundu ya sindano yako bado yanaonekana, napitisha uzi mulemule. Pindo lenye sikio sikulifumua. Mishono yangu ni mikubwa, Agustina ananiambia, "Mama, hilo ni gunia la ulezi," lakini imeshika. Halitakutosha, umekwisha kuwa mama wa mtu. Sijui hata namshonea nani. Naona tu kwamba siwezi kuliacha vile.

Sikuambii unisamehe upesi. Ila hasira hiyo iondoe kwa baba yako unipe mimi, maana ni yangu tangu mwanzo. Barua yako ijayo ikija haina salamu zangu, nitajua hii imefika, wala sitanung'unika. Lakini yeye mwandikie. Neno moja kwa mkono wako litatosha. Simioni nitamwambia siku hiyo apumzike. Nitasoma mimi, na nitasoma kilichoandikwa tu.

Mogesi na Agustina wanakusalimu sana pamoja na mtoto wao Kornelio, ambaye sasa ana meno ya kuuma watu. Waisiko anakusalimu. Verdiana naye anasema hajapata mwingine mwenye mshono kama wako. Mpe Waitara salamu zetu, na Robi mpakate kidogo kwa ajili yangu.

Salamu za baba yako hazimo humu. Hajui kwamba ninaandika, na mimi sitaki kukubunia salamu za mtu.

Mungu awafunike wewe na nyumba yako, awape uzima na chakula, na njia ya kuja nyumbani.

Mimi nikupendaye na niliyekukosea,
mama yako,
Veronika