Magurudumu ya Charlotte

Thaddée weye, yaliyompata Charlotte wetu hapa bandarini Kalundu sasa hivi!

Profesa wake amekuja kuliona lile sanduku la barafu la magurudumu alilolibuni Charlotte la kubebea samaki, aamue kama masomo yake ya doctorat yataendelea ao basi. Miaka mitatu ya kazi! Kufika tu, magurudumu hayapo. Wamama wauza samaki waliopewa kulijaribu wameyang'oa, sanduku liko kichwani, juu ya ngata.

HAYAPO, ndugu yangu! Bandari zote nilizotanga, sijaona aibu kama ile. Charlotte alitamani ziwa limmeze.

Mama Nicole, mmoja wao, wala hana wasiwasi: "Mwanangu, gurudumu linazama mu mchanga. Shingo haizami."

Profesa akatoa kalamu. Kisha akayaandika maneno yale.

"Charlotte, endelea. Na weye mama, siku ya kutetea doctorat utakaa nasi mu jury ya kumtahini."

"Nitakuja. Ila isiwe siku ya soko."