Funda Moja Wewe, Funda Moja Mimi

Mwenzangu wa rika,

Tangu Mlima Meru usimame hajazaliwa morani wa kuruka kama mimi. Nikiruka ngomani, askari walio juu ya ukuta wa boma la Wajerumani huziona nyayo zangu. Na huyo anayekusomea barua akicheka mwandiko, mwambie nilimkimbia mwalimu wa misheni kabla hatujafika herufi nzuri.

Unakumbuka nilivyoanza. Nilikuwa naacha kula kabla ya ngoma ili niwe mwepesi. Wasichana wakasifu kiuno changu, basi nikaacha na baada ya ngoma. Mwishowe njaa yenyewe ndiyo nikaiona uhodari, na chakula nikawa nakiogopa. Nikaanza kuanguka malishoni. Ukaniambia, "Umeruka vya kutosha, bwana. Bado upepo tu ukuchukue."

Hukunishika taya kama ndama. Ulijua morani hanywi maziwa peke yake, sharti awe na mwenzake. Ukaweka kibuyu katikati yetu. "Funda moja wewe, funda moja mimi. Ukikataa, nami nalala njaa. Na mimi, ndugu yangu, napenda kula."

Nikakuona unavyomeza mate, nikanywa kwa kukuonea huruma. Nililia. Wewe ukajifanya unatazama mbuzi.

Halafu asubuhi moja kule Olasiti harufu ya moshi wa kibuyu kilichofukizwa ikanijia, nikataka. Mwenyewe nikataka. Nikasema, "Lete." Ulinipa hapo hapo.

Sasa uko Moshi unatandika reli ya Wajerumani, na huku jioni zimekuwa ndefu. Mama akiuliza mbona sinywi, namjibu mila hainiruhusu, mwenzangu hayupo. Anakubali, anailaani reli.

Ukae salama huko kwenye vyuma. Ila wewe sikudanganyi. Vijana wa rika letu wapo, hapo kwa jirani, na kila jioni wananiita, "We mwembamba, njoo tunywe." Nasimama langoni. Natamani kweli kwenda, lakini miguu haiendi, narudi ndani nalala. Reli haina kosa. Kutaka ninako. Kuamini kwamba naweza, huko nilikuachia wewe unishikie, ukaondoka nako.

Ni mimi,
uliyekuwa ukinywa naye