Nyuso kwenye Ukuta wa Maige

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimemaliza! Mchoro wa mita tisa, ubavuni mwa duka la Maige la vifaa vya ujenzi hapa Igoma. Yote yametoka kwenye video ya kamera yake ya mlangoni: mgambo anapiga teke beseni la dagaa, mama muuzaji amepiga magoti anazoa, watu wamesimama wanatazama. Nyuso zote nimezipaka kijivu. Watu wamejaa mpaka barabarani. Nimefurahi, sikatai.

Jumanne, 15 Julai

Barua kutoka ofisi ya kata. Mhuri, lugha nzito. Eti nimetumia picha za watu bila ridhaa yao. Nifute kabla ya Ijumaa saa sita mchana, la sivyo watapaka chokaa wenyewe na mimi nitakwenda mahakamani. Ridhaa! Kamera za mji huu zinanirekodi kutwa — nani aliwahi kuniuliza? Sifuti.

Jumatano, 16 Julai

Nimemwona Venant, wakili, tulisoma naye. Nilidhani atanitetea, akanipa somo. Maige alifunga kamera kwa ajili ya wezi, si sanaa. Video haikuwa yake kuigawa. Nikasema nyuso nimefunika. Akauliza kama kuna aliyetambulika hata hivyo. Nikacheka.

Nimepita sokoni, kicheko kimeisha. Wauza dagaa hutia mabeseni alama za rangi yasichanganyikane mwaloni, dagaa wanaposhushwa. Na mimi, kwa kupenda usahihi, nimechora mistari mitatu myekundu kama ilivyo kwenye video. Igoma nzima inajua ni beseni la mama Oyugi. Mjinga mimi! Nimeona aibu kweli.

Alhamisi, 17 Julai

Nimekwenda kwake na karatasi ya ridhaa. Shikamoo yangu hakuiitikia. Siku tatu wateja wanamuuliza kama magoti yamepona. Mwanawe hataki hata kupita pale. Nikamwambia: ofisi siifutii, ila wewe mama ukisema nifute, nafuta leo. Nilimaanisha, ingawa liliniuma.

Akaendelea kuchambua dagaa. Kisha:

"Aliyenipigia teke beseni umemficha uso. Na mimi umenificha. Mimi nimeiba nini?"

Nikaanza kuikunja karatasi.

"Nitatia saini. Lakini uchore uso wangu."

Venant kwenye simu: saini yake ni ridhaa yake yeye tu, mgambo bado anaweza kushitaki. Ashitaki! Itabidi asimame mbele ya hakimu aseme yule mwenye buti ni yeye.

Ijumaa, 18 Julai

Saa tano na nusu. Naandika juu ya ngazi, rangi inakauka. Mama Oyugi amekuja na gauni la kanisani, amesimama juani nimchore. Macho tayari. Pua tayari. Gari la ofisi limepaki ng'ambo, vijana wawili wanashusha ndoo za chokaa. Saa sita bado! Maige anawapungia ile karatasi yenye saini, hawaitazami.

Nimemuuliza mama kama anaogopa. Akasema nifanye haraka, na nisimchoree mdomo uliofumbwa.

Wanavuka barabara. Nashika brashi, umebaki mdomo.