Jile ya Gazeti la Vita

MAELEZO YA SHAHIDI
Bunia, tarehe 14 mwezi wa tatu 2024, saa tatu ya asubuyi, mbele ya OPJ (mupelelezi wa polisi) Néhémie.
Jina: Kavira Adèle. Miaka: 43. Kazi: mushonaji. Makao: commune ya Mbunya.

Nimekuja mwenyewe, hakuna mutu alinituma.

Mbele ya mulango yangu wamotari, wale wa kubeba watu kwa piki-piki, wanangojea wateja. Mumoja wao ni Héritier, baba ya watoto wawili. Iko na gazeti moja ya kifaransa juu ya mercenaires, wale wenye wanapigana vita ya kulipwa. Wanaisoma pale kila siku, wanabishana juu ya bunduki mpaka kurasa zinachanika. Ilinichukiza. Nilimuambia: «Siye tulikimbia vita, weye unaisoma?» Akacheka: «Mama, ya hawa iko na mushahara. Yetu ilimulipaka nani?»

Mnamo tarehe 4 aliniletea ukurasa wenye picha ya muzungu mwenye jile, koti isiyo na mikono. Aliomba jile yenye mifuko kama ile, juu ya simu na makaratasi ya piki-piki. Mifuko tu. Lakini mimi, mutu akinipa modeli ninaishona yote, siachi kitu. Njo sifa yangu kwa wamama wa hapa. Nikaongeza vitanzi vinane kifuani, sawa kwa picha. Sikujua ni vya risasi. Alipoviona akasema: «Eeh mama, uko fundi kweli!»

Jana, tarehe 13, saa nne ya asubuyi, pickup ilisimama kwangu. Wanaume wawili wenye uniforme walishuka na ile jile. Walisema wamemukamata mwenye kuivaa kwa barrière, kizuizi cha barabara ya Mongbwalu, na motari wa kweli hana kazi na vitanzi vya risasi. Mumoja akaniuliza: «Mama, hii njo kazi yako?»

Nilitambua uzi wangu. Niliogopa, chef. Nikasema: «Hapana, siijui.»

Héritier alikuwa nyuma ya pickup, mikono imefungwa. Alisikia. Aliniangalia. Wakaenda naye.

Nilidanganya, na ninasikia haya mpaka sasa. Andika vizuri: jile nilishona mimi, vitanzi ni vyangu, yeye hakuviomba. Kama ni kosa, munifunge mimi, yeye arudie kwa watoto wake.

Ni hayo niliyoona na niliyofanya. Nitayarudilia mbele ya juge wa korti, na Héritier akiwa pale anisikie.

(Saini) Kavira Adèle

Maandishi ya OPJ: Shahidi amesomewa maelezo yake, ametia saini bila kulazimishwa. Ameomba kumuona Héritier. Tumetafuta ndani ya kitabu cha wafungwa: jina lake halimo, na hakuna pickup iliyoleta mutu hapa jana. Tumemuambia. Ameketi chini, amekataa kutoka.