Kisiwa Ndani ya Kisanduku

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, ila jicho la kulia limezidi ukungu, na la kushoto nalo limeanza kumwiga mwenzake. Wewe je? Unakula, au bado unakunywa chai ukiiita chakula?

Ile ramani mpya ya shule uliyoichora imefika. Nimeibandika ukutani na kuwatangazia wote kuwa mchoraji ni binti yangu. Leo tulisoma nchi yetu: visiwa vitatu, rais mmoja, bunge moja, watu wengi wako Kisiwa Kikubwa, wachache Kisiwa cha Kati, na sisi wa mwisho hatujazi hata uwanja wa mpira. Nikauliza, kutoka hapa hadi mji mkuu ni mbali kiasi gani? Yule binti wa fundi seremala, tunayemwita Kasuku kwa mdomo wake, akainuka akapima kwa kidole. "Hapo tu, Mwalimu! Hata kuogelea naweza."

Mbona umetutia kwenye kisanduku, ubavuni mwa mji mkuu? Meli yenyewe hukesha baharini kabla ya kutufikia.

Baba yako

11 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Nimecheka mpaka mkuu wa ofisi akaja kuchungulia. Mimi sijambo, na chakula nakula.

Kisanduku si dharau, Baba. Karatasi ni ndogo na bahari ni kubwa. Tukiwaweka mahali penu hasa, ramani yote itakuwa maji. Kwa hiyo tunawakata na kuwasogeza karibu, na laiti ingekuwa kweli.

Tuje kwenye jicho. Nimemweleza daktari wa macho wa hospitali kuu, anasema huenda ni mtoto wa jicho, na akitolewa mtu huona tena. Ila usicheleweshe. Chumba changu kipo, njoo na meli ijayo. Nakuogopea.

Mwanao

25 Machi

Mwanangu,

Pole na kazi. Mimi naendelea vizuri.

Nije vipi? Mwalimu hapa ni mimi peke yangu. Wizara imeshasema, shule isiyo na mwalimu itafungwa, watoto wahamishiwe Kisiwa cha Kati. Watoto wakienda, wazazi watawafuata, na mbunge wetu atabaki kuwawakilisha kuku. Na mama yako amelala huku. Nitamwachia nani?

Jicho moja bado linaona kidogo. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Baba yako

9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Safari hii sikuulizi hali, kwa sababu nimeiona. Barua yako imeandikwa mstari juu ya mstari, na wewe ndiye uliyekuwa ukinichapa kwa kuacha mstari.

Nimekwenda wizarani. Wamekubali nikushikie darasa muhula huu. Kile cheti cha ualimu ulichonilazimisha nikichukue kabla ya kusomea ramani, nikanuna mwezi mzima, kimefaa. Haya, furahi. Nakuja na meli ya Jumamosi, nawe utapanda hiyohiyo ikirudi. Ufunguo wa chumba nitakukabidhi gatini. Usibishe, ubishi nimeurithi kwako.

Mwanao

17 Mei

Baba yangu,

Shikamoo, na pole kwa upasuaji. Kaburi la Mama nimelipalilia. Kuku wako wamenizoea, ila jogoo bado ananichukulia kama mgeni.

Leo nimekikata kile kisanduku kwa mkasi. Tukaacha ramani ukutani, tukatembea na kisiwa chetu mkononi mpaka kilipostahili kuwa: nje ya mlango, ng'ambo ya baraza, karibu na tangi la maji. Kasuku akapima tena kwa kidole, hakikutosha. Halafu akauliza, "Mwalimu, kumbe ni mbali hivi! Na babu mwalimu atarudi kweli?"

Swali hilo nakuletea wewe. Niandikie.

Mwanao

2 Juni

Mwanangu mpenzi,

Sijambo, na safari hii si uongo. Tazama mistari yangu.

Jana wamenifungua jicho la pili. Nikarudi chumbani kwako, nikawasha taa. Ule ukuta niliodhani umetundika pazia la bluu, kumbe ni ramani! Karatasi umeunganisha kwa gundi kutoka mlangoni hadi dirishani, bahari tupu. Kisiwa Kikubwa kiko mlangoni. Sisi tuko mwisho kabisa, mahali petu, na nyumba yetu umeitia nukta nyekundu. Kitanda umekisukuma huko, na mto uko chini ya nukta.

Miaka yote nilidhani mji umekusahaulisha. Mwambie Kasuku narudi na meli ya Jumamosi. Daktari alinikataza kulia, lakini nimelia, mwanangu, kwa macho yote mawili.

Baba yako